Udongo wa Tembe

Mtu akiuliza bei ya ardhi katika vijiji vya Singida hujibiwa papo hapo, hali amesimama na jua linamchoma kisogo. Akiuliza ardhi hiyo ni ya nani, huletewa kigoda akae. Mimi nilinunua ekari tatu katika Wilaya ya Ikungi mwaka 2018 kwa kuuliza swali la kwanza tu. La pili niliulizwa mimi, mwaka uliofuata, wakati fedha zilikuwa zimekwisha kutoka mkononi mwangu na kamba ya msingi imekwisha kufungwa juu ya vigingi.

Sikuzaliwa huko. Kwetu ni Tanga, na kazi ya ualimu ndiyo iliyonipandisha bara. Mtu wa pwani aendapo nchi ya kati hujifunza mengi, na la kwanza kwangu lilikuwa neno. Kwetu tembe ni kuku jike aliyekaribia kutaga. Basi nilipoambiwa, siku chache baada ya kufika, kwamba mzee fulani amekataa katakata kuhama katika tembe yake, nilicheka peke yangu, nisijue kuwa wenzangu wanazungumza jambo zito. Kicheko kilinikolea zaidi kwa sababu Singida ina sifa ya kuku wa kienyeji, ambao husafirishwa mpaka Dar es Salaam. Walakini tembe ya bara ni nyumba. Nguzo za miti migumu husimamishwa ardhini, mihimili hulazwa juu ya panda za nguzo hizo, fito hupangwa juu ya mihimili, kisha majani, kisha udongo uliokandwa na kushindiliwa mpaka ukawa kama sakafu nyingine iliyo juu ya vichwa vya watu. Paa lake ni bapa. Mtama huweza kuanikwa huko juu. Mtu mrefu huinama kuingia, wala hili si kosa la mjenzi, maana upepo wa Singida hauna adabu kwa nyumba ndefu. Wagogo, Warangi, Wanyiramba na Wairaqw nao walijenga tembe, kila watu kwa namna yao. Mchana ina ubaridi, na usiku wa Juni na Julai, wakati baridi ya uwanda wa juu inapouma, ina joto. Aibu yake ni kuvuja: mvua zikishika, na mwenyewe asipolishughulikia paa lake, udongo humwagika juu ya kitanda.

Nimeieleza tembe iliyo hai kwa kuwa kisa changu kinahusu iliyokufa. Tembe ikiachwa haianguki kwa kishindo. Mchwa hula nguzo polepole, paa huketi chini siku moja bila ya mtu kuona, mvua huyeyusha kuta, na baada ya miaka kumi na tano au ishirini hubaki mwinuko mdogo wa udongo, kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Nyasi za mahali hapo huwa nyingine. Kando yake aghalabu husimama ua wa minyaa, mti usiojali ukame wala usahaulifu, ambao huendelea kumea kuzunguka mji usiokuwapo tena.

Mwinuko wa namna hiyo ulikuwa katika kiwanja changu, nami niliuona tangu siku ya kwanza.

Nimesema nilinunua ardhi, na wanafunzi wa sheria watanisahihisha, nao wana haki. Tangu mwaka 1895 Wajerumani walitangaza kwa amri kwamba ardhi yote waliyoiona haina mwenyewe ni mali ya dola yao. Waingereza wakafuata kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, wakaiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya Gavana. Mwaka 1958, serikali ile ilipotaka kuleta umilikaji wa moja kwa moja ambao mtu aweza kuuza na kununua kama nguo, Julius Nyerere aliandika makala yake, Mali ya Taifa, akapinga: ardhi haikutengenezwa na mtu, kwa hiyo haiwezi kuwa bidhaa ya mtu; kilicho chake ni kile alichokitia humo kwa jasho lake. Baada ya uhuru, hati za umilikaji wa moja kwa moja zilifutwa mwaka 1963. Sheria mbili za mwaka 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, ambazo zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001, zinasema vivyo hivyo kwamba ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa miaka mingi mnunuzi alilipia miembe, kibanda na jasho la shamba lililolimwa. Ardhi tupu ilihesabiwa kuwa haina bei, jambo ambalo kila mtu alilikubali kwa mdomo na kulikana kwa mfuko. Sheria za 1999 zilikiri kwamba haki katika ardhi ina thamani, na marekebisho ya mwaka 2004 yaliruhusu kuuzwa kwa ardhi isiyoendelezwa. Katika kijiji, hata hivyo, hakuna uhamisho wa haki ya kimila bila ya idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Basi nilichonunua ni haki ya kukaa na kutumia, nikiwa chini ya macho ya halmashauri. Bei siitaji, kwa kuwa majirani zangu husoma.

Siku ya kupima ilikuwa siku ya furaha. Ekari ya kijijini ni hatua 70 kwa 70. Nilifanya hesabu nikakuta kwamba ekari ya Kiingereza ni yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900. Yamkini aliyeanzisha kipimo hiki alihesabu hatua moja kuwa yadi moja, akamwachia mnunuzi yadi 60 kuwa nyongeza. Lakini hatua ya nani? Muuzaji, mtu mfupi mwenye heshima nyingi, alijitolea kuhesabu mwenyewe. Mimi nikampendekeza mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ana miguu ya korongo. Ndugu za muuzaji wakakohoa wote kwa pamoja. Hatimaye alikubaliwa kijana wa jirani, wa kimo cha katikati, akatembea huku mke wangu akihesabu kwa sauti na wazee wakihesabu kimoyomoyo. Baadaye mpimaji alipokuja na chombo kinachosoma setilaiti, tuliona kwamba miguu ya kijana yule ilikosea kwa kadiri ya upana wa njia ya ng'ombe.

Mke wangu ni Mnyiramba. Alilelewa katika tembe ya bibi yake upande wa Kiomboi, na macho yake husoma nchi hiyo kama mimi nisomavyo kitabu. Tulipoufikia ule mwinuko alisimama, akausukuma udongo kwa ncha ya kiatu, akatazama minyaa, akasema, "Hapa palikuwa na mji wa mtu."

Nikamjibu, "Kila mahali palikuwa na mtu."

Jawabu hilo nililiona kuwa la busara, hata nikalirudia jioni yake mbele ya walimu wenzangu. Sasa naona kwamba nililitumia kama mtu atumiavyo mlango, yaani kufungia. Nilikuwa nimekipenda kiwanja kile. Sehemu nyingine za ekari zile tatu zilikuwa na mchanga mwekundu na mawe ya matale, yale mawe makubwa ya kijivu yaliyotapakaa Singida yote mpaka kando ya ziwa Singidani. Lakini kando ya mwinuko palikuwa na udongo mweusi, laini, wenye harufu ya uhai. Niliwaza mipapai na mboga. Wanyaturu ni watu wenye sifa ya kale ya kurutubisha mashamba kwa samadi, na mahali palipokuwa zizi huzaa kwa miaka mingi baada ya ng'ombe kuondoka. Udongo ulionivuta kununua ulikuwa kazi ya ng'ombe wa mtu. Mimi niliuhesabu kuwa bahati.

Hati iliandikwa mbele ya mtendaji wa kijiji. Muuzaji alitia saini, na mkewe alitia saini, kwa kuwa mke wangu alikataa kukaa chini kabla mwenzake hajaitwa kutoka shambani. Jina la mke wangu liliandikwa sambamba na langu, naye alihakikisha kwa kidole kwamba herufi zote zipo. Majirani wa pande zote walishuhudia mipaka. Mwandishi alipofika upande wa magharibi aliuliza mpaka ni nini, muuzaji akasema, "Minyaa." Mwandishi akauliza, "Minyaa ya nani?" Pakawa kimya kidogo, kisha muuzaji akasema, "Andika minyaa ya zamani." Ikaandikwa hivyo, nami nikatia saini chini yake.

Mwaka 2019, mvua zilipokwisha, nilimleta fundi. Watu wengi wa huko siku hizi hujengea matofali ya kuchoma, na nyumba ya vyumba vitatu aghalabu hudai matofali zaidi ya 10,000. Tanuru la matofali hayo hula kuni nyingi, na miti ya nchi ile haina haraka ya kuota. Kwa hiyo tulichagua matofali ya udongo yanayochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, yasiyochomwa, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyafundisha. Uzuri wake ni kwamba udongo hutoka katika kiwanja chenyewe. Ubaya wake ni kwamba si kila udongo hufaa. Fundi wangu, mtu wa maneno machache, alikwenda huku na huku akichota na kusugua viganjani. Aliweka udongo katika chupa za maji, akatikisa, akaziacha zitulie mpaka asubuhi: mchanga hukaa chini, mfinyanzi juu, na macho ya fundi husoma kilichopo kati. Udongo wa upande wa juu ulikuwa mchanga mtupu. Wa bondeni ulikuwa wa mbuga, ambao hupasuka ukikauka. Wa tatu aliutia chupani mara mbili kwa kutoamini.

"Huu umekwisha kukandwa, mwalimu," akasema. "Kazi yetu ni ndogo."

Ulikuwa udongo wa mwinuko. Nilimwambia achimbe.

Siku ya tatu, wakati matofali mia tatu na arobaini yalikuwa yamekwisha kupangwa kivulini, sululu ya saidia fundi iligonga kitu kigumu. Lilikuwa jiwe la kusagia, limelika katikati kama kitanda kilichozoeleka, na mtoto wake kando. Vijana walilitoa wakalitumia kuwa kiti. Saa nne hivi alifika mama mmoja mzee sana, na mkongojo, akasimama ukingoni mwa shimo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mnachimba nini?"

"Udongo wa matofali, bibi."

"Ni mzuri," akasema. "Mama yangu aliukanda."

Fundi ndiye aliyekwenda kuleta kigoda. Mimi nilibaki nimesimama na kikombe cha uji mkononi.

Alikaa, akatuonyesha kwa mkongojo. Mlango ulikuwa pale. Zizi, palipo na udongo mweusi. Mahali pa kusagia, hapo vijana walipokaa. Chini ya mkwaju, ambao mimi niliukusudia kuwa kivuli cha wageni, palikuwa na makaburi matatu: baba yake na watoto wawili wa mama yake. Hapakuwa na alama ila mawe machache, ambayo nilikuwa nimewaagiza vijana wayakusanye kwa ajili ya msingi. Namshukuru Mungu walikuwa wavivu.

Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa habari za Operesheni Vijiji, lakini vijana wengi huisoma kama mstari mmoja wa mtihani. Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kabla ya mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa hiari, wengi kwa malori na amri. Shabaha ilikuwa shule, zahanati na maji ya bomba, na siwezi kuikebehi mimi ambaye mshahara wangu umetoka katika shule iliyozaliwa na mpango huo. Bibi alihamishwa mwaka 1974, mwaka wa njaa. Walipelekwa kando ya barabara na kuoneshwa mistari ya kujenga. Katika sehemu nyingi nyumba za nyuma ziliezuliwa ili watu wasirudi. "Ya kwetu ilikuwa tembe," alisema, "haina cha kuezuliwa. Walivuta nguzo za mlangoni. Mengine walifanya mchwa." Mwaka 1975 eneo lile aligawiwa baba wa yule aliyeniuzia mimi. Baba wa Bibi alipofariki mwaka 1979 aliomba azikwe kwake, na mgawiwa mpya, kwa utu wake, aliruhusu. Maana yake ni kwamba muuzaji wangu, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa kushika jembe, alisaidia kulichimba kaburi ambalo miaka 39 baadaye aliniuzia pamoja na mkwaju wake.

Usiku ule nilisoma sheria kama mtu asomaye barua ya daktari. Nilijua kwamba Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1994, katika shauri lililotokana na operesheni hiyo hiyo upande wa Arusha, kwamba haki ya kimila ya mtu juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, haichukuliwi bila ya fidia ya haki. Nikapata hofu. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 15, inathibitisha ugawaji wote wa ardhi za vijiji uliofanywa kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977, na kuzifuta haki zilizotangulia. Ugawaji wa mwaka 1975 umo ndani ya miaka hiyo. Nikapata raha. Kisha nikaona kifungu cha 20, ambacho kinabatilisha desturi yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kupata au kutumia ardhi. Kwa desturi, Bibi, akiwa binti aliyeolewa, asingerithi. Ardhi ilikuwa ya kaka zake, ambao walihamia Manyoni na wamekufa huko. Sheria moja ilimfungulia mlango ambao desturi ilimfungia, na vifungu vitano nyuma sheria hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuiondoa nyumba iliyo nyuma ya mlango. Rafiki yangu mwanasheria nilipompigia simu alisema, "Huna kesi ya kujibu." Nililala vizuri usiku mmoja.

Wa pili sikulala, kwa sababu mke wangu aliniuliza iwapo nilimsikia siku ile ya kupima. Nikasema nilimsikia.

Shauri lilipelekwa katika Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Halina rungu la kumlazimisha mtu. Muuzaji alifika amevaa koti. Alisema ukweli wote bila ya kuulizwa mara mbili, akaongeza kwamba mnunuzi hakumwuliza habari za makaburi. Wajumbe wakanigeukia. Hapakuwa na la kusema, maana ni kweli sikumwuliza. Mjumbe mmoja mwanamke, mwenye sauti kavu, alitaka kujua kama kwetu pwani watu hununua nyumba bila ya kuuliza aliyelala humo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa madai ya fedha, hata kwa madai ya ekari moja. Bibi hakudai ardhi. Alitaka makaburi yaachwe na njia ya kuyafikia bila ya kupiga hodi kwa mtu; na minyaa isikatwe, kwa kuwa ndiyo iliyowaonyesha wajukuu wake kwamba hasemi uongo. Baraza lilimwamuru, au tuseme lilimwomba kwa nguvu, muuzaji atoe mbuzi kwa kosa la kunyamaza. Alibishana juu ya ukubwa wa mbuzi mpaka jua likageuka. Mimi niliomba iandikwe katika hati kwamba eneo la hatua 20 kwa 30 kuzunguka mkwaju si sehemu ya haki yangu, bali ni la Bibi na kizazi chake. Rafiki yangu mwanasheria alisema nimejipunguzia mali kwa kalamu yangu mwenyewe. Yamkini. Lakini katika upande wa magharibi mwandishi alifuta lile neno "zamani" na kuandika jina la baba wa Bibi.

Yalibaki matofali. Nilidhani nitaambiwa niyarudishe shimoni, nikamwambia fundi awe tayari. Bibi akashangaa. "Yamekwisha kuwa matofali," akasema. "Yatie jikoni." Jiwe la kusagia alilitaka, lilipelekwa kwake kwa mkokoteni wa punda, na mtoto wake likiwa limefungwa kwa kitenge lisidondoke.

Basi nyumba ikahama hatua arobaini, ikapanda penye mawe. Hapo kazi ilikuwa ya mtaimbo na sululu, na fundi alinung'unika wiki nzima, japo msingi juu ya jabali hauhitaji kina kirefu na gharama haikuongezeka kama nilivyoogopa. Udongo wa matofali ulitoka katika kichuguu, ukachanganywa na mchanga mwekundu. Haukuwa mzuri kama ule wa kwanza, na fundi hakuacha kulisema hilo.

Paa lilinitia mashakani zaidi. Nilitaka tembe, kwa ile ndoto ya mtu aliyesoma. Mke wangu, aliyepata kuangukiwa na paa usingizini akiwa mtoto, alitaka bati. Fundi aliuliza nguzo za mti mgumu wa kuhimili udongo huo nitazipata wapi mwaka huu. Tukaezeka bati. Nilijifunza kwa tembe mambo mawili: tuliliweka paa chini, kwa mteremko mdogo, na kenchi tulizifunga kwa nondo ndani ya lenta, kwa ajili ya upepo, na mlango tuliuelekeza upande ambao Bibi alisema mlango wa kwao ulielekea. Nilimwuliza sababu, nikitarajia maelezo ya mizimu. Alisema, "Upande mwingine vumbi linaingia."

Maji nayo yana habari yake. Singida ni mmojawapo wa mikoa ambayo visima vyake vingi vina madini ya floridi kupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia ya watoto wengi ni ushahidi. Tulihesabu mvua. Nchi hiyo hupata milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, zote katika msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili. Paa letu ni kama meta za mraba 100; hata mvua ikiwa milimita 600 tu, ni lita 60,000, na tukitoa zinazopotea hazipungui 45,000. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku 210 za kiangazi huhitaji lita 21,000. Kwa hiyo tulichimba tangi la lita 25,000 na kulitia saruji, na kazi hiyo peke yake ilikula fedha zilizokusudiwa dari. Dari haipo mpaka leo. Mchana wa Oktoba bati huwaka, nasi hukimbilia jikoni, maana kuta zake zina ubaridi kuliko za vyumba vingine. Fundi anasema ni kwa sababu jiko lipo kivulini mwa nyumba.

Tulihamia mwaka 2021. Bibi huja kwa njia yake, bila ya hodi kama ilivyoandikwa, huketi chini ya mkwaju kisha hupitia kwetu kunywa maji. Msimu uliopita aliwaleta wajukuu wakapanda mtama kando ya mwinuko, katika ule udongo mweusi, ambao uko nje ya hatua 20 kwa 30 na kwa hati ni wangu. Sikusema neno, na mke wangu aliwapelekea jembe la pili. Ulistawi kuliko wa kwetu. Mfereji wa paa upande wa magharibi haujafungwa, na mvua ikinyesha lita nyingi hukimbilia huko huko mtamani. Fundi ameahidi kurudi alizeti zikishavunwa.